Safari ya Mtoni Kufuata Printa ya Tona Nyeupe

Nilisafiri kwa sababu ya jogoo. Jogoo mweupe, amevaa raba nyekundu, anakimbia: hiyo ndiyo nembo ya klabu ya jogging ya mtaani kwetu Goba. Wanachama waliitaka kwenye fulana nyeusi, ziwe tayari kabla ya mbio zao za Jumapili. Katibu wao alipoleta kazi hiyo nilimwambia, "Niachie, safari hii nazichapa mwenyewe," wakati najua kabisa kwamba printa niliyonayo nyumbani haiwezi kumtoa jogoo mweupe hata niibembeleze vipi.

Kwa asiyefanya kazi hii, nieleze kidogo. Printa ya kawaida haina rangi nyeupe. Weupe unaouona kwenye picha ni weupe wa karatasi yenyewe. Ukihamishia picha hiyo kwenye fulana nyeusi kwa presi ya joto, kila palipokuwa peupe panabaki peusi, na rangi nyingine zinamezwa na kitambaa. Jogoo wetu angebaki raba tu. Dawa yake ni printa ya leza yenye tona nyeupe, ule unga wa rangi uliomo ndani ya mashine. Yenyewe inaweka rangi, inaweka na tabaka jeupe, na picha inasimama juu ya kitambaa chochote. Mpya yake sikuwa na uwezo nayo. Kwa hiyo kila kazi ya kitambaa cheusi nilikuwa naipeleka kwenye karakana moja ya mjini.

Karakana ile ilikuwa inanichelewesha, na hilo nililivumilia. Nililoshindwa kulivumilia ni siku kwaya ya parokia yetu waliponiambia kwamba fulana za Pasaka wamekwenda kuchapisha mjini wenyewe. Ndani ya mfuko wa fulana nilizowapa mimi mwaka uliotangulia walikuta kadi ya karakana, ina namba za simu na kila kitu. Siku hiyo niliapa kwamba kitambaa cheusi hakitatoka tena nyumbani kwangu kikiwa kitupu.

Basi nilipoona tangazo kwenye kundi letu la WhatsApp la wachapa fulana, "Printa ya leza, tona nyeupe, imetumika, ipo vizuri, Mtoni," nilipiga simu palepale. Aliyepokea alijitambulisha kwa jina la Rajabu. Mashine ilikuwa ya kaka yake, marehemu. Akaniambia pia kwamba kuna mtu wa Mbagala atakuja kuiona kesho mchana.

"Mie nitafika kabla yake," nikamwambia.

Mume wangu Thomasi, ambaye ni mwalimu na hapendi kukurupuka, aliniuliza kama kweli naijua mashine yenyewe. Nikamjibu kwamba naijua kuliko anayeiuza. Nilikuwa nimetazama video zote, nimesimama nyuma ya mafundi wa mjini mara nyingi nikichungulia wanachobonyeza. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

Alhamisi asubuhi, Goba. Nilifunga mkoba wangu: fulana moja nyeusi ya majaribio, bunda la karatasi za transfa, zile za kuhamishia picha, flashi yenye picha ya jogoo, tochi ndogo ya kumulika ndani ya mashine, na kitambaa laini. Pesa nilizifunga kwenye kitenge kiunoni kama walivyofanyaga mama zetu kule Mbinga wakienda kuuza kahawa. Bodaboda ilinishusha kilima chetu hadi barabara ya lami, na jirani aliyekuwa anaelekea kazini akanisogeza mpaka Mwenge.

Pale Mwenge, nyuma ya vibanda vya wachonga vinyago, ndipo anapoegesha Chande. Chande ni mtu wa Newala, ana Kirikuu cheupe, kigari kidogo cha mizigo kilichochakaa nje na kutunzwa ndani, na kazi yake ya kila siku ni kubeba vinyago kupeleka kwenye mahoteli na bandarini. Nilimchagua kwa sababu hiyo. Dereva wa matofali angenivunjia printa kabla ya Ubungo.

"Sista, huo mzigo una uzito gani?" aliniuliza.

"Watu wawili wanaubeba, wakiwa wameshiba."

"Basi tukale kwanza."

Tulikula chapati na maharage kwa mama mmoja hapo hapo, huku nikimpa masharti. Nilimwambia printa ya leza inabebwa ikiwa sawa kama beseni la maji. Ukiinamisha, unga wa tona unamwagika ndani, na mtakachofikisha nyumbani ni chuma chakavu. Chande alisikiliza bila kutafuna, kisha akasema, "Nilibebaga twiga wa mpingo, shingo ndefu hivi, mpaka Bagamoyo. Hakuna sikio lililomeguka. Kwa hiyo ondoa shaka." Aliweka godoro la sponji nyuma ya gari, akapanga pembeni magunia mawili ya maranda, yale mabaki ya mbao anayookota kwa wachongaji, tukaondoka.

Kutoka Ubungo barabara ni ya malori. Ukiwa kwenye gari dogo kama lile unajiona uko chini ya meza ya watu wakubwa. Tulikwenda polepole kupitia Tabata na Buguruni, makontena mbele yetu, makontena nyuma, na mimi nikitumia muda huo kurudia kichwani nitakavyoikagua ile mashine: kwanza ripoti yake yenyewe, inayosema tona imebaki kiasi gani, kisha dramu, lile gurudumu linalopokea picha, lisiwe na mikwaruzo, kisha roli ya joto, mwisho ichape mbele ya macho yangu, juu ya karatasi zangu, picha yangu.

Karibu na Tazara simu ikaita. Rajabu. "Sista, umefika wapi? Maana yule mwenzio wa Mbagala naye keshatoka."

"Mwambie akanywe soda kwanza," nikasema, na Chande akacheka, akapata upenyo kati ya malori mawili, akapita.

Tulifika Mtoni jua likiwa limeshachachamaa. Tuliiacha barabara ya Kilwa, tukaingia uchochoro wenye maduka ya chuma na saluni, na Rajabu alikuwa amesimama nje akitupungia mkono. Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa uso, shati limepigwa pasi. Alituambia anafanya kazi kwenye ghala moja Kurasini na kwamba leo ameomba ruhusa. Fremu ya biashara ya marehemu kaka yake ilikuwa imeungana na nyumba ya kupanga wanayoishi. Nyuma ya fremu kulikuwa na mlango wa kuingilia ndani, na mlangoni pazia zito la kijani.

"Pole sana kwa msiba," nilimwambia.

"Tumeshapoa. Mwezi wa pili huu."

Mashine ilikuwa juu ya meza imara, imefunikwa kanga. Nilipoifunua, kitu cha kwanza kilichonishangaza ni usafi. Mashine iliyokaa bila kazi Dar es Salaam kwa wiki chache tu huwa na vumbi unaloweza kuandika jina lako. Hii ilikuwa inang'aa mpaka kwenye tundu za feni. Nilisema, "Kaka yako alikuwa anaitunza," na Rajabu akasema ndiyo, Idi alikuwa mtu wa kutunza. Sikuwaza kujiuliza nani aliyeifuta jana.

Nilianza kazi yangu. Ripoti ilitoka vizuri. Tona nyeupe ilikuwa imebaki zaidi ya nusu. Dramu niliimulika kwa tochi, safi. Nikachomeka flashi kwenye kompyuta ya marehemu iliyokuwa kando ya mashine, nikamfungua jogoo, nikaweka karatasi ya transfa, nikabonyeza.

Mashine ikavuta karatasi, ikanguruma, kisha ikaanza kutoa sauti ya kukwaruza, krr, krr, kama mtu anayesaga meno. Rajabu akaruka nyuma. Mimi nikanyoosha mkono nizime. Kabla sijagusa kitu, sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya pazia, kali:

"Rajabu! Fungua mlango wa nyuma wa mashine! Karatasi nene haipiti kwenye kona, ipe njia ya moja kwa moja!"

Nilizunguka nyuma, nikafungua kile kimlango, nikavuta karatasi iliyokunjamana, nikaweka nyingine. Mara hii ilipita kwa raha, ikatokea upande wa pili ikiwa imenyooka. Nilijua kwamba karatasi hizi zinataka njia iliyonyooka, ila haraka ya mtu wa Mbagala ilikuwa imenifanya nisahau. Kilichonishika ni jambo jingine. Mtu yule hakuwa anaiona mashine. Alikuwa ameisikia tu.

"Nani huyo?" nikauliza.

Rajabu alijikuna shingo. "Shemeji yangu, mke wa marehemu. Yuko eda."

Nikamalizia jaribio. Karatasi iliyotoka ilionyesha kivuli cheupe tu cha jogoo, na Rajabu akaingiwa na hofu akidhani rangi zimekataa. Nikamweleza kwamba rangi ziko chini, nyeupe inakuja juu, kwa sababu picha itageuzwa wakati wa kubandika. Nikaikutanisha na karatasi ya pili yenye gundi, nikaziweka kwenye presi iliyokuwa hapo pembeni, nikabandua, nikaweka kwenye fulana nyeusi, nikabana tena, nikasubiri ipoe. Nilipovuta karatasi, jogoo alikuwa pale. Mweupe kama maziwa, raba nyekundu, jicho kali.

"Duh!" Chande akasema kutoka mlangoni. "Huyo anawika."

Moyoni mwangu mashine ile ilikuwa tayari imeshapakiwa kwenye gari. Nikamwambia Rajabu kwamba nimeridhika. Ila nikaona si adabu kuondoka nyumba ya msiba bila kumpa pole mfiwa, na kwa kuwa mimi ni mwanamke hakuna kinachonizuia kuingia alipo. "Naweza kwenda kumsalimia?" nikauliza. Rajabu alisita, akatazama pazia, akatazama simu yake. Mwishowe akasema, "Sawa. Ila usikae sana."

Ndani palikuwa na ubaridi na harufu ya udi. Mwanamke wa umri wangu alikuwa ameketi kwenye mkeka, amejitanda nguo isiyo na pambo lolote. Kitandani kando yake alikaa mama mtu mzima akichambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Poleni sana. Mimi naitwa Skola, nimetoka Goba."

"Tumeshapoa, dada," alisema yule mwanamke kwenye mkeka. "Mie Mwajuma, na huyu ni mama mkwe wangu, Bi Somoe. Ahsante kwa kuja kuifanyia sevisi. Nilimwambia Rajabu ile roli inayovuta karatasi imeanza kuchoka. Umeiona?"

Nilimtazama. Nilielewa kila kitu mara moja, na ningeweza kukaa kimya. Kitenge changu kilikuwa kimenibana kiunoni. Mtu wa Mbagala alikuwa njiani. Ningesema "nimeiona," nikatoka, nikalipa, nikaenda zangu na risiti halali mkononi.

"Dada Mwajuma," nikasema, "mimi si fundi. Mimi ndiye mnunuzi."

Mikono ya Bi Somoe ikasimama juu ya ungo. "Mnunuzi wa nini?"

"Wa mashine, mama. Nimeitwa nije ninunue."

Mwajuma hakulia wala hakupaza sauti. Alinyoosha upande wa nguo yake uliokunjamana, akaupapasa mara kadhaa, kisha akasema, "Ndani ya mashine ile mna cherehani yangu. Mie nilikuwaga fundi nguo. Niliuza cherehani, Idi akauza pikipiki, tukaichukua kwa pamoja. Yeye anatafuta wateja, mie nachapa. Watu wa hapa wanajua fremu ya Idi. Nani yuko nyuma anabonyeza, hawajui." Akaelekeza kidole kwenye pazia. "Kila Rajabu anapokwenda kazini natoka hapo mlangoni, naifuta, narudi kukaa."

"Rajabu hakuniambia hata mimi," alisema Bi Somoe, na akauweka ungo chini.

Nikarudi mbele. Chande alikuwa amesikia, pazia si ukuta. Alinivuta kando akaniambia kwa sauti ya chini, kwa nia njema, "Sista, mambo ya familia za watu hayatuhusu. Anayeuza kakubali, pesa unayo. Lipa, tupakie, twende zetu." Sikumlaumu. Nami nilikuwa najiambia maneno hayo hayo tangu nilipovuka lile pazia. Lakini nilijaribu kujiona niko Goba, nimesimama mbele ya mashine ile, inakwaruza, na nikajua ningeisikia sauti yake kila mara.

"Rajabu," nikasema, "mashine nimeipenda, na bei sina ugomvi nayo. Ila sinunui kitu ambacho mwenyewe yuko chumba cha pili na hajaambiwa."

Nilitegemea akasirike. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akashika kichwa.

"Unadhani mie nimependa? Mwenye fremu anataka kodi yake, amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Mshahara wangu unalisha nyumba mbili. Mashine isipofanya kazi inakufa, na ikifa hatupati hata ya kununulia unga. Nikasema niuze, pesa nimuwekee, eda ikiisha nimkabidhi. Nikimwambia sasa hivi atalia, na mie siwezi kumwona analia tena. Basi ndiyo ishu yenyewe hiyo."

Simu yake ikaita mkononi. Alikuwa yule mtu wa Mbagala: amefika Mtongani, anaomba kuelekezwa. Rajabu akamwambia asubiri kidogo, akakata.

"Rajabu!" Bi Somoe aliita. "Njoo hapa penye pazia."

Alikwenda, akasimama upande wetu wa lile pazia la kijani kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Sauti ya Mwajuma ilikuja taratibu.

"Shemeji, mie sikatai kuuza. Pengine ningeuza mwenyewe. Ninachokataa ni kuuziwa kitu changu nikiwa nimekaa ndani, siwezi hata kutoka nikakitetea."

"Sasa nani angechapa, Mwajuma? Wewe hutoki."

"Eda inanizuia kutoka. Hainizuii kusema. Umeniuliza hata mara moja?"

Rajabu aliushika ukingo wa pazia, akauachia.

"Dada Skola," akaendelea, "hiyo picha uliyoijaribu ni ya kazi gani?"

"Fulana za klabu ya jogging. Nina presi nyumbani, ninachokosa ni mashine ya kuchapa nyeupe."

"Kwa hiyo wewe huhitaji mashine leo. Unahitaji karatasi zilizochapwa. Karatasi zikishachapwa unaweza kuondoka nazo na kubandika mwenyewe huko Goba. Kazi zako zote nyeusi zilete hapa. Rajabu atakuwa mikono yangu jioni akitoka kazini, mie nitamwelekeza kwa mdomo. Tukishindwa, utakuja kununua, na bei tutaipanga mimi na wewe."

Ningependa kusema nilifikiri kwa muda mrefu. Ukweli ni kwamba nilikubali kabla hajamaliza, kwa sababu ilikuwa hesabu ya mfanyabiashara, na nilitamani ningekuwa nimeiwaza mimi. Simu ya Rajabu ikaita tena, akaitazama, akaipokea. "Braza, samahani sana kwa usumbufu," alisema. "Haiuzwi." Alipokata, mabega yake yalishuka kama mtu aliyetua gunia.

Mchana ule wote tulichapa. Mimi na Chande tuliisogeza meza karibu na pazia ili Mwajuma asikie vizuri. Rajabu ndiye aliyekuwa mtambo wetu: anaweka karatasi, anafungua, anafunga, anasubiri amri. Alikuwa mzito mwanzoni. "Usizibane karatasi ukiziweka, zipepee kwanza," pazia lilisema. "Hiyo imeingia mbili, toa." "Iache ipumzike sasa, imepata joto. Huisikii inavyohema?" Rajabu aliinamisha sikio kwenye mashine, akasema kwa mshangao, "Kweli, inahema," na nyuma ya pazia Bi Somoe akacheka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kicheko kutoka chumba kile tangu msiba, maana Rajabu aligeuka akatazama.

Adhuhuri tulisimama, wakaswali, kisha tukaletewa wali na samaki wa nazi. Mimi nilikula ndani na wanawake, Chande na Rajabu wakala nje. Mwajuma aliniuliza juu ya wateja wa Goba na Mwenge, wanapenda nini, nani analipa kwa wakati, nani anasumbua. Nilimweleza habari ya karakana ya mjini na ile kadi ndani ya mfuko wa kwaya. Alitikisa kichwa. "Hao hawajui kazi. Mteja wako ndiye anayenilisha, nimchukue niende naye wapi?"

Alasiri, kabla sijaondoka, nilimkabidhi Mwajuma mkononi malipo ya kazi ile pamoja na sehemu ya kazi zijazo. Alizigawa pesa hizo palepale, akamwita Rajabu kwenye pazia, akampitishia fungu kwa chini. "Hizi za mwenye fremu. Mpelekee leo, usilale nazo." Rajabu alizipokea kwa mikono miwili.

Chande alitazama godoro lake na magunia yake ya maranda, akatazama bunda la karatasi nilizobeba, akaguna. "Yaani nimetoka Mwenge na godoro kuja kulaza karatasi?" Lakini alizilaza. Alizipanga katikati ya maboksi mawili bapa, akafunga kwa kamba, akaendesha kwa upole ule ule ambao angembeba nao twiga wake. Tulipofika Buguruni aliniambia, bila kunitazama, "Nilikwambia ulipe tuondoke. Ulifanya vizuri kutonisikiliza." Nami nilikuwa nimechoka na nimeshiba, nikaegemeza kichwa dirishani.

Giza lilikuwa linaingia niliposhuka Goba. Thomasi alitoka nje na msumari na nyaya, alikuwa ameshaandaa hata soketi ya ukutani.

"Mashine iko wapi?"

"Iko Mtoni," nikamwambia. "Inafanya kazi."

Nilimsimulia mezani, na alipomaliza kula akauliza swali moja tu, kama huyo Mwajuma anaaminika. Nilimjibu kwamba nimemwona anavyotunza mashine. Ijumaa na Jumamosi nilibandika. Jumapili asubuhi klabu nzima ilishuka kilima cha Goba wakiimba, majogoo weupe kifuani kote, na kabla ya wiki kwisha vilabu viwili vya Kimara vilikuwa vimeshanipigia simu.

Kwa muda wa eda uliobaki mambo yalikwenda hivyo. Natuma picha kwa simu, Mwajuma anamwelekeza Rajabu, karatasi zinakuja Goba na Chande kila anapopita njia za huko. Siku chache baada ya eda kwisha, asubuhi moja, nilisikia hodi. Nilipofungua alikuwa Mwajuma, amevaa dera la njano, amepaka hina, amekuja peke yake kutoka Mtoni. Alisalimia, akakaa, akanywa chai, akakagua presi yangu, akakagua na soketi ya Thomasi. Kisha akaniambia kwamba amepata mashine nyingine imetumika, ya kuchapa kwenye filamu ya plastiki badala ya karatasi, inayofaa kwa kazi kubwa, na wateja anao sasa. Ile ya tona nyeupe ingemfaa mtu mwenye kazi za kiasi changu.

"Nimetoka sasa," alisema, akaweka kikombe chini. "Tuzungumze bei."

Alinibana. Nilitaja alichokuwa ametaka Rajabu, akasema Rajabu alikuwa anauza mashine ya msiba, yeye anauza mashine yenye kazi. Nilisema roli imechoka, akafungua mkoba akatoa roli mpya. Nilimwita Thomasi anisaidie, Thomasi akachukua upande wake. Mwishowe nililipa zaidi ya bei ya kwanza, na tukapeana mikono.

Safari ya pili ya Mtoni haina mengi ya kusimulia. Chande alileta godoro lake, na safari hii lilipata mzigo. Yeye na Rajabu walibeba, huku na huku, na Mwajuma alitangulia nje mpaka katikati ya uchochoro, akazuia bodaboda zisipite, akawaelekeza kwa mkono mpaka mashine ikatua.

Tangu hapo nimenunua vitu vingine vilivyotumika, presi ya pili na jenereta. Bado nachukua tochi, bado naomba ripoti, bado nachungulia dramu. Lakini hayo nayaweka baadaye. Nikifika, kwanza naomba kuonana na mtu aliyekuwa anaitumia.